Courant imerudia, tena mu ndege!

Bantu ba Lubumbashi, mutaniua na presha.

Musome, kisha muniambie kama miye njo niko na makosa.

Leo asubui niko narudisha abiria wawili toka Lukafu, mu kandege kangu ka moteur moja.

Katikati ya njia, alternateur inakufa. Ni yeye anatoaka courant yote, umeme wote wa ndege. Moteur inazunguka muzuri, lakini tumebakia paka na batterie.

Nikabaelezea pole pole:

« Nazima écran, taa, na prise ya telephone. Batterie tunaichungia radio, juu tour, bale banaongoza ndege, itusikie tukishuka. »

Bakakubali. Délestage, ile kukatiwa courant kwa zamu ku mugini, banaijua.

Tukakaribia Lubumbashi. Nikawasha taa ya mbele, moja tu, juu batuone.

Mama mwenye kuikala nyuma akapiga makofi: « Courant imerudia! »

Papa wa pembeni yangu, bila kuniuliza, akanyoosha mukono akawasha prise. Telephone mbili zikaingia palepale! Vile tunafanyaka ku nyumba, mbele bakate tena.

Batterie ikashindwa, radio ikakufa. Tour ilikuwa inanijibu!

« Papa, zima! Hapa ni nyumba yako? »

Akazima. Radio ikarudia. Tukashuka.

Pale chini nikabafokea bote wawili. Papa akainamisha kichwa. Mama yeye akaniangalia, akanishika mukono:

« Mutoto wangu, hii miaka yote, weye njo muntu wa kwanza kunikatia courant na kunielezea juu ya nini. »