Shaba Niliyompelekea Mama Sori

Mama ndiye aliyenitoa Nairobi. Alinipigia simu akasema, "Hiyo kitu imekuzuia huko miaka tatu, leta nione." Nilikuwa nimemkumbuka hadi kifua kinauma. Nikafunga mkoba, nikatia na kichupa kimoja cha maabara.

Ndani ya kioo chake ulikuwa umeganda utando mwembamba wa zambarau: plastiki inayopitisha umeme. Kwa kawaida huundwa kwa kichocheo cha paladiamu, metali ghali itokayo mbali. Sisi maabarani tulitumia shaba, na huu ndio utando wa kwanza uliokubali.

Migori nilifika asubuhi, nikanywa chai, nikapanda gari la Sori. Ziwa lilipojitokeza, machozi yakanilenga, mimi mwanaume mzima na ndevu zangu.

Sori, jioni, Mama alinipakulia samaki na kuon, ugali wa kwetu. Kichupa nilikiacha mezani kwake nimweleze kesho, nikaenda kulala kwenye simba yangu, kibanda changu cha uani, maana kijana mkubwa halali nyumbani kwa mamake.

Kulipokucha nilikikuta kichanjani, kimefudikizwa kando ya sufuria, kinang'aa. Alikuwa amekisugua kwa mchanga wa ziwa.

"Ilikuwa na masizi, wuoda, mwanangu," akasema kwa furaha. "Utarudishia aje mkubwa wako kitu chafu?"

Nilikaa chini. Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikamweleza. Akashika mdomo.

"Woi! Nimeharibu kazi yako yote?"

"Tutatengeneza ingine, Mama. Dawa yake ni shaba tu, si kitu ghali."

"Shaba?" Akanitazama sana. "Baba yangu alichimba shaba hapa Macalder, kabla wafunge mgodi. Lakini kila jioni alikuwa anakula nyumbani kwake."

Nikaenda kukitoa kichupa kichanjani.

Siku ya tatu nilirudi kwa njia ya Sindo na Mbita, ziwa likiwa kushoto kwangu, nami sitaki kulitazama. Homa Bay, saa saba mchana, mkubwa wangu wa maabara akapiga simu.

"Mama alipenda?"

"Alikiosha."

Akauliza naingia kazini lini. Nikamwambia kesho.

Nimeandika mara nyingi katika ripoti zetu kwamba shaba ni rahisi. Safari hii nimejifunza kwamba ni rahisi kwetu sisi tunaoinunua. Mama ameilipia kwa jioni za miaka mitatu bila mimi, na bado analipa.