Frateri, Mwoka Mikate na Shangazi Khole

Nimelikana jambo hili kwa mume wangu, kwa wanangu, kwa wenzangu wa wizarani, na mara moja kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuo kikuu ambaye hata hakuwa ameniuliza, kwa hiyo niseme sasa yaishe: napenda filamu za mapenzi za wanaume wawili wanaopendana huku dini imesimama katikati yao imekunja mikono. Sizitazami kwa utafiti (nilisema hivyo), wala hazijileti zenyewe kwenye tableti yangu (na hivyo pia nilisema, nikamsingizia fundi). Nazitafuta, nazitazama, na nikifika katikati nalia.

Tena nalia huku nazicheka, maana zote ni moja. Mvua lazima inyeshe. Kengele ya kanisa lazima ilie pale pale mkono mmoja unapokaribia mkono wa pili. Yule mcha Mungu lazima awe na vidole vizuri (sijapata kuona filamu ambayo anayeteswa na imani ana vidole vifupi vinene kama vya mume wangu). Barua lazima iandikwe na isitumwe, na mwisho mmoja afe au apande treni. Hayo yote nayajua, naweza kuyaandikia makala ya kejeli na nimeshaiandika, kisha kengele inalia nami napapasa kutafuta kitambaa.

Nilikuwa na kinga yangu lakini. Padri, rabi, mchungaji wa kilokole: zote dini za watu. Nilijiambia haya ni mashaka ya wenyewe huko kwenye mvua yao, sisi huku Maskati hata mvua yenyewe hatuna. Ni hoja ya kitoto kwa mtu mwenye shahada mbili, lakini ilinipa usingizi mzuri kwa miaka.

Sasa Shangazi Khole. Ni dada wa baba yangu, anakaa Sib, alikuja kutoka Unguja mtu mzima tayari, na Kiarabu chake mpaka leo ni cha sokoni: anajua kuteremsha bei ya samaki na kumsuta muuzaji, basi. Kiingereza hana. Macho nayo yamemsaliti, ana presha ya macho, kwa hiyo mimi ndiye macho yake na masikio yake. Namfasiria barua za serikali, maandishi ya chupa za dawa, mawaidha ya Kiarabu ya kwenye televisheni, na daktari wake wa macho, bwana mpole wa kigeni anayesema Kiingereza cha haraka. Kila Jumatatu nikitoka kazini Al Khuwair naendesha moja kwa moja mpaka kwake. "Asya akisema," huwaambia wanawake wenzake, "ni kama kasema mwenyewe aliyesema." Hiyo ndiyo heshima kubwa niliyokuwa nayo duniani, zaidi ya shahada, na kumbukeni maneno hayo kwa sababu ndiyo niliyoyavunja.

Siku hiyo alikuwa chumbani anasali Alasiri, nami (nilikuwa nimeshasali, msinihukumu kwa hilo) nikafungua tableti kumalizia filamu moja ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini. Frateri, yaani kijana anayesomea upadri, anapendana na mwoka mikate anayeleta mikate mlango wa nyuma wa seminari. Nilizama hata sikumsikia Shangazi alipotoka na kukaa kando yangu.

"Nini hiyo, mwanangu?"

Ningeweza kusema khabari. Ningeweza kusema betri imekwisha. Lakini frateri alikuwa analia kifuani mwa mwoka mikate, na Shangazi alikwisha kuona vivuli viwili vilivyokumbatiana, nami ulimi ukaniteleza: "Ni hadithi ya ndugu wawili, Shangazi. Ndugu wa kunyonya."

Nilijiona hodari! Wamenyonya ziwa la mwanamke mmoja, basi kwa sheria yetu ni ndugu kama wa damu, wakumbatiane watakavyo, hakuna neno. Nilichosahau ni kwamba Shangazi Khole kanyonyesha watoto wa nusu ya mtaa, na hakuna jambo linalomgusa kama hilo.

"Masikini! Iweke kwenye televisheni kubwa, nami nione."

Ikawa Jumatatu tatu. Naruka hapa, nakohoa pale, pa hatari nasimama mbele ya kioo kumimina kahawa. Kila swali lilizaa uongo mpya. Mbona wanaonana kwa siri? Mama yao wa kunyonya aliacha wasia. Mbona huyu hataki kuoa? Anamngojea nduguye aoe kwanza. Na padri mkuu kwa nini anawafarakisha? Hapo niliishiwa, nikasema, "Dini yao haitambui kunyonya, Shangazi."

Alipiga goti kwa kiganja. "Dini gani hiyo, ikamkataza mtu kumpenda mwenziwe?"

Nilicheka moyoni mpaka nikaona aibu, halafu nikabaki na aibu peke yake, maana alikuwa analia, machozi ya kweli, kwa jicho zima na kwa jicho bovu.

Ningeliachia hapo pengine yangekwisha. Lakini Shangazi hakai na kisa. Aliwasimulia wenzake wa kahawa, na kisa kilivyotoka kwake kilikuwa kizuri kuliko cha Wafaransa, wanawake wakataka kukiona kwa macho yao. Nilipofika Jumatatu ya nne nikawakuta watano wamejipanga, halwa katikati, buli la kahawa limeshazunguka mara moja. Nikasema tableti yangu mbovu.

"Tableti ya nini?" akasema Shangazi. "Imo humu humu kwenye televisheni, ulivyoiacha. Nnaijua kwa ile picha ya tanuri." Na rimoti iko mkononi mwake, kaishika kama tasbihi.

Kati ya wale watano, wawili muwajue. Bi Shinuna ni wa Unguja kama sisi, sauti yake inasikika mpaka ufukweni. Bi Zuwena katokea bara, Bujumbura, mtu mkimya, kazi yake kushona kofia. Hata pale alikuwa nayo magotini. Na hapa niseme baya letu wenyewe. Sisi tuliotoka Unguja tuna tabia ya kuwaona wa bara kama wageni waliokosea njia. Kiswahili cha Bi Zuwena tunakicheka akiwapo, tunakiigiza akiondoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza alisoma wapi wala kwa lugha gani, nami, mwandishi wa makala kuhusu historia ya jamii yetu, sikuuliza pia.

Filamu ikaanza. Nikafasiri kwa juhudi, jasho linanitiririka ndani ya abaya na kiyoyozi kinavuma. Tukafika kwenye tanuri. Mwoka mikate ana unga mpaka viwiko, anamtazama frateri, anasema jambo taratibu, ambalo kwa kweli ni hili: kila alfajiri ninapoukanda unga huu nakufikiria wewe. Nami nikawaambia wanawake, "Anasema kesho italetwa mikate mia mbili."

"Sivyo," akasema Bi Zuwena.

Hakunyanyua uso. Sindano ikaingia, ikatoka.

"Sivyo vipi?" Shangazi akauliza.

"Hakutaja mikate. Mimi nilisoma kwa masista miaka minane, Kifaransa nakijua." Akakata uzi kwa meno. "Huyu anasema anamupenda. Na yule anasema anamuogopa Mungu. Ni hayo tu, tangu mwanzo."

"Anampenda kama nduguye," nikasema upesi.

"Hapana," akasema Bi Zuwena, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa nguo ndani nje.

Bi Shinuna ndiye aliyeelewa kwanza. "Astaghafirullah! Lahaula! Khole, zima! Zima hiyo!" Kisha, Shangazi alipoanza kuinua rimoti: "Ngoja. Ngoja kwanza. Padri mkubwa kashajua au bado?"

Wallahi hakuna aliyeondoka. Walijifunika mitandio mpaka puani, wakaacha macho, wakamwamuru Bi Zuwena afasiri yeye, ati ili waujue ubaya wake vizuri, mtu asije akaambiwa kawasingizia. Bi Zuwena akafasiri neno kwa neno, bila huruma na bila karaha, na Bi Shinuna alikuwa anatoa hukumu na kutafuna halwa kwa pamoja. Huyo frateri ana makosa. Mwoka mikate ana makosa zaidi. Lakini kwa nini hiyo barua haitumi, mjinga huyu?

Na mimi? Ningesema ni filamu yangu, naipenda, nililia. Nilisema: "Mimi sikujua! Nilidhani ni filamu ya mapishi."

Shangazi hakutazama tena. Aliiweka rimoti juu ya zulia, akaenda kutia udhu kabla ya Magharibi kuadhiniwa. Kwa hiyo hakuona filamu ilipokwisha na televisheni, mwizi yule wa siri za watu, ikapanga yenyewe kwenye kioo picha za nyingine nilizowahi kuzitazama kwa akaunti yangu ile ile. Wanaume wawili mbele ya kanisa. Wanaume wawili mbele ya sinagogi. Wanaume wawili kwenye kwaya, mvua inanyesha.

Bi Shinuna akainuka akakisogelea kioo, akazigusa moja moja kwa kidole chenye mafuta ya halwa. "Na hawa nao ndugu wa kunyonya? Na hawa? Yallah, mama yao alikuwa na maziwa mengi huyo!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilikuwa natafuta viatu vyangu pale mlangoni Shangazi alipotokea, uso bado umelowa maji ya udhu. Nilijiandaa kusikia habari ya moto wa Jahannamu. Hakunipa. Alisogea karibu, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo siku hizi ili anione kwa jicho la kulia.

"Asya. Na daktari je?"

"Daktari nani, Shangazi?"

"Yule wa macho. Ulinambia kasema jicho la kushoto limechoka, litapumzika. Ndivyo alivyosema?"

Daktari hakuwa amesema hivyo. Siku ile, kwenye kiti cha hospitali, Shangazi alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, nami nikamfasiria kwa mkono badala ya kwa masikio. Nikajiambia nitamwambia wiki ijayo. Kulikuwa na wiki nyingi zijazo.

"Haya," akasema. "Nenda. Giza litakukuta njiani."

Siku tisa hakupokea simu yangu. Nilimpelekea ujumbe wa sauti, akausikiliza, kimya. Habari ilikwisha kuenea kwenye kundi la ukoo, na binamu yangu mmoja ambaye hatujasemezana tangu mirathi ya babu akaniandikia mstari mmoja tu: wasalimie ndugu zako wa kunyonya. Mume wangu alicheka siku mbili mfululizo, ya tatu akaniuliza kama ile ya kwaya ina mwisho mzuri. Hayo yote niliyaweza. Nisiloliweza lilikuwa kwamba siku ya kumi ilikuwa siku yake ya hospitali, siku ya kukata shauri kuhusu jicho la kulia, na hakuna aliyenambia nimchukue saa ngapi.

Niliapa mengi siku hizo. Niliapa kutotazama filamu yenye kengele (nimeshakivunja kiapo hicho). Niliapa kutomdharau tena mtu wa bara. Na niliapa kwamba nikipewa nafasi moja zaidi ya kumfasiria Shangazi, nitasema kilichosemwa, kwa sababu kukaa miaka nikiwalilia watu wasiothubutu kusema kweli, kisha mwenyewe nikakimbilia mapishi, ni kichekesho ambacho ningekiandika kwa furaha kama kingekuwa cha mtu mwingine.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nipo ofisini, simu ikalia.

"Asya. Nipo mbele ya daktari. Zuwena kanileta, lakini Kiingereza hakijui, na Kifaransa daktari hakijui. Nimekuweka kwa sauti kubwa. Fasiri." Akavuta pumzi. "Na wallahi leo ukinitilia ndugu wa kunyonya, sikujui."

Daktari akasema. Nikafasiri. Jicho la kushoto, Shangazi, halioni tena na halitarudi, na alilisema hili tangu mara ya kwanza. La kulia litafuata lisipopasuliwa. Wakipasua mwezi huu, huenda wakaliokoa. Huenda. Amesema huenda, hakusema hakika.



"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo hivyo, Shangazi."

"Kumbe waweza." Kisha, daktari wa watu anangoja: "Na yule frateri mwisho wake nini? Zuwena hataki kunambia, ati nikuulize weye."

Wenzangu wawili walikuwa mezani jirani, wameacha kuandika. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida. Alimpenda yule mwanamume, Shangazi, na akamchagua Mungu, akawa padri. Na yule mwoka mikate akaendelea kuleta mikate mlango ule ule kila asubuhi, miaka thalathini, hakuna aliyelisema.

"Thalathini!" Nikamsikia anaguna. "Dhambi ni dhambi, sikwambii siyo. Lakini miaka thalathini, mlango mmoja?" Nikasikia kiganja kikipiga goti. "Haya. Mwambie daktari mwezi huu huu, apasue. Na weye Jumatatu uje. Shinuna ataka ile ya mwana wa rabi, Zuwena ati hiyo haiwezi, si Kifaransa."

"Niifasiri yote, Shangazi?"

"Yote. Pa kufumba macho ntafumba mwenyewe."