Ukindu Nilioutupa Kituoni

Mama alifika Toronto mwezi wa pili, kwenye baridi ya kutia ganzi, na hadi mwezi wa nane safari alizotoka nje ya nyumba ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Tulikaa Mount Dennis, ghorofa ya sita, mimi na yeye tu. Mimi nilidamka alfajiri kwenda Downsview, kwenye kiwanda cha mapazia nilikokuwa nikishona pindo, na yeye alibaki na dirisha.

Kwetu Rufiji alijulikana kwa mikeka yake. Watu walikuwa wakitoka vijiji vingine kuja kuagiza. Toronto hakukuwa na ukindu, yale majani ya kusukia, kwa hiyo alichukua mifuko ya plastiki ya mkate, akaichana vipande vyembamba, akavisuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Plastiki iliteleza na ukili ukafumuka. Akauanza upya. Nikirudi kazini nilimkuta sakafuni kaegemea kochi, miguu kainyoosha, rangi za mifuko zimemjaa mapajani.

Sitasema nilimchoka. Nilimpenda. Lakini nilimwonea haya, na hilo ni gumu zaidi kulisema. Mwezi wa tano nilimpeleka dukani, akambishia bei msichana wa kwenye mashine ya malipo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuitia watu gulioni. Mstari mzima nyuma yetu ukasimama. Mtu mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Nilimshika mama mkono, nikamtoa nje, na tangu siku hiyo nikawa nanunua vitu peke yangu.

Kazini nilikaa karibu na mwanamke wa Kithai. Mashine zetu zilitazamana, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, ndiyo maana tulielewana vizuri. Nilikuwa nimemsimulia habari za mama na ukili wake wa plastiki. Siku moja, wakati wa chakula, akaniambia kwamba Wathai wenzake wangefanya soko la jioni Richmond Hill, kwenye uwanja wa magari nyuma ya maduka, Jumamosi moja tu.

"Mama yangu atakuwepo," akasema. "Anasuka vikapu. Nimemwambia habari za mama yako, ameshamwekea nafasi mkekani. Mlete."

"Nitamleta," nikajibu.

Jumamosi ilipofika nilimtazama mama akiwa amekaa sakafuni, nikafikiria mabasi matatu, nikafikiria sauti yake katikati ya watu, na vile angegusa kila kitu na kuuliza kila kitu, na mimi nikitafsiri. Nikajifunga mtandio.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kiwandani, mama. Kuna ovataimu."

"Jumamosi jioni?"

"Wametuomba."

"Haya mwanangu. Mungu akutie nguvu."

Hiyo dua niliibeba kwenye basi lote la kwanza. Kwenye la pili nilikuwa nimeshaisahau.

Soko lenyewe sikulitarajia. Nilidhani nitakuta meza mbili tatu. Nikakuta uwanja mzima, taa zimetundikwa kwenye kamba kutoka nguzo hadi nguzo ingawa jua lilikuwa bado halijazama, na moshi wa mkaa. Mwanamke alikuwa akitwanga papai bichi kwenye kinu kirefu, pamoja na pilipili na ndimu, na mlio wa ule mchi ulinisimamisha hapo hapo. Pembeni walichoma mishikaki ya kuku na kuichovya kwenye mchuzi wa karanga. Kulikuwa na miavuli ya karatasi iliyochorwa maua, na mzee mmoja aliyekuwa akichonga sabuni hadi ikawa waridi, petali kwa petali. Wasichana walicheza ngoma ya taratibu, vidole vyao vikipinda nyuma kama havina mifupa. Na vitenge vyao vya kiunoni! Wamama wamevifunga vilevile tunavyofunga sisi. Kila nilipogeuka niliona kitu ambacho mama angekishika na kusema, "Tazama!" Hakukuwa na mtu wa kuniambia tazama.

Mwenzangu aliniona, akaja mbio.

"Mama yako yuko wapi?"

"Anaumwa," nikasema. "Magoti."

Uso wake ulishuka. Akanipeleka kwa mama yake, bibi wa umbo dogo mwenye nywele nyeupe, amekaa kwenye mkeka na kikapu kati ya miguu. Miguu ameinyoosha. Kando yake palikuwa na nafasi tupu, na mto mwekundu umewekwa hapo tayari. Binti akamwambia. Bibi akautazama ule mto, kisha akanitazama mimi, akasema maneno mengi kwa upole.

"Anasema pole," mwenzangu akatafsiri. "Anasema yeye pia hapa Kanada hana mtu wa kukaa naye akifanya kazi. Alikuwa anamsubiri."

Nikakaa kwenye ule mto kwa sababu sikujua nifanye nini. Nikala nilichopewa. Sikusikia ladha.

Nilipoaga, bibi alinipa vifurushi vinne vya wali wa kunata, uliopikwa kwa tui na ndizi mbivu ndani, umefungwa kwenye jani la mgomba. Kisha akatoa mzigo mwingine, mrefu, ameufunga kwa kitambaa. Yalikuwa majani membamba ya kusukia yaliyokwisha kuchanwa, laini, mengine yametiwa rangi nyekundu na ya samli. Yalifanana na ukindu kwa kila kitu, hata harufu. Alikuwa ametumiwa kutoka kwao.

"Haya ni ya mama yako," mwenzangu akasema. "Asuke akipata nafuu."

Nikayapokea kwa mikono miwili.

Chakula ningeweza kukisingizia. Ningesema tumegawiwa kazini. Lakini ule ukindu? Nani anagawa ukindu kiwandani? Mama angeushika, angeuliza umetoka kwa nani, wapi, lini, na mimi si mwongo hodari. Nilishuka kwenye basi la mwisho nikasimama kituoni, mzigo kwapani, pipa la taka mbele yangu. Nilisimama muda mrefu. Ningeweza kupanda ghorofani na kusema, mama, nimekudanganya. Ilikuwa sentensi moja. Nikautia ule mzigo kwenye pipa, na kwa kuwa ulikuwa mrefu haukuingia wote, ikabidi niusukume kwa kiganja.

Mama alikuwa macho. Alifungua jani la mgomba polepole, akalinusa kabla ya kunusa wali.

"Hamna nguruwe humu?"

"Ni ndizi na nazi tu. Mwenzangu wa Kithai ameleta kazini."

Akala kifurushi kizima, akalikunjua jani na kulilaza mezani. "Aliyefunga hiki anajua kazi," akasema. "Mwambie nimemshukuru sana."

Jumatatu mwenzangu aliniuliza kama mama ameanza kusuka. Nikasema ndiyo, anasuka kawa la kufunikia chakula. Sijui hilo kawa lilitoka wapi kichwani mwangu. Baada ya wiki mbili akaniuliza tena, maana bibi alitaka kuliona. Wiki ya tatu akasema bibi anauliza kila siku. Nikawa nakwenda kula chakula changu chooni.

Mwishowe nilimwambia mama. Alikuwa akitwanga kitunguu saumu. Nilimweleza yote, ovataimu, soko, mto mwekundu, pipa. Nilipomaliza, aliendelea kutwanga ingawa saumu ilishakuwa uji.

"Ulinionea haya," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na yule mama akakaa ananisubiri."

"Ndiyo."

Nilitaka anigombeze. Zamani alikuwa na mdomo mkali, angeweza kunisema hadi majirani watoke. Akanawa mikono, akaenda kukaa mahali pake sakafuni. Siku nne hakusuka kitu kingine. Alichagua mifuko ya plastiki myeupe na myekundu peke yake, akaichana vipande vyembamba kuliko siku zote, akasuka ukili, akaushona kawa. Lilikuwa kawa kamili, lenye ncha, halijafumuka popote.

"Mpelekee," akaniambia. "Na usimwambie uliyatupa. Atadhani ni mimi niliyedharau zawadi yake. Mwambie yale majani nimeyatunza."

Kwa hiyo nikadanganya tena, safari hii kwa amri ya mama. Bibi alipelekewa kawa. Nilisikia kwamba aliligeuza na kuligeuza, akacheka kuona plastiki ya mkate, kisha akalala nalo kando ya mto wake wa kulalia. Mwenzangu alinisimulia hayo kwa furaha, nami nikainamia pindo langu.

Nilikusudia kuwakutanisha. Kila Jumapili nilikuwa na sababu. Mwaka uliofuata, soko liliporudi, nilimpandisha mama mabasi yote matatu, na mwenzangu akatupokea peke yake. Bibi alikuwa amerudi kwao tangu masika, macho yakimsumbua, akae na mtoto wake wa kiume. Nilikuwa najua. Mwenzangu alikuwa ameniambia kazini. Mama nilikuwa sijamwambia; nilimwambia palepale sokoni.

"Alikuwa amekaa wapi?" mama akaniuliza.

Nikamwonyesha. Pale palikuwa na mtu anauza samaki wa kukaanga, na watu wamepanga mstari. Mama alisimama akapatazama hadi mtu mmoja akadhani yuko kwenye mstari, akampisha mbele. Kisha akasema miguu inamuuma, twende nyumbani.