Ndege Ambayo Baba Hakupanda

Wasifu wa baba niliuandika mimi. Siku mbili baada ya mzee kukata roho, shangazi, dada yake mkubwa, alinikuta sebuleni kwetu Muyeye, akaniwekea daftari mapajani.

"Wewe ndiye uliyemuuguza mpaka mwisho," akasema. "Andika. Na usisahau kusema alikuwa mtu aliyejali familia yake."

Mwanzo kalamu ilikwenda yenyewe. Alizaliwa Magarini, kwa mkulima wa mihogo. Akasomea uhandisi, akaajiriwa kuchimba mafuta, na tangu hapo akawa mtu wa majangwa: kaskazini mwa nchi yetu, Sudan, Libya. Aliwahi kupanda hadi kileleni mwa mnara wa mtambo, upepo ukivuma, kwenda kufungua mnyororo uliokwama, baada ya vijana wawili kukataa. Na mwaka mmoja alipopewa likizo na gari la kambi likawa bovu, alinunua pikipiki kuukuu sokoni, akaiendesha siku tano kuja nyumbani. Tulimwona mlangoni akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, anacheka. Mama alishika mdomo. Mimi na mdogo wangu tulimrukia hivyo hivyo alivyo.

Nilipofika kwenye familia, kalamu ikasimama.

Sitamdhulumu. Akiwa nyumbani, baba alikuwa baba. Alinifundisha kuogelea. Alimnyoa mdogo wangu mwenyewe, akimsimulia jinsi mawe ya chini kabisa ya ardhi yanavyonuka. Asubuhi alimchemshia mama chai kabla hajaenda shuleni alikokuwa akifundisha, akamsindikiza mpaka kwenye kona. Lakini wiki tatu za likizo zikiisha, uso wake ulianza kuchangamka kwa namna nyingine. Hata nilipokuwa mdogo niliuona, na ukaniuma.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano mama alipougua. Ilianza kama homa ya kawaida. Siku ya pili akalazwa, daktari akasema mafigo yamekataa kufanya kazi. Shangazi alipiga simu kambini, akanipa nizungumze.

"Baba, mama anakutaka."

"Mwambie nakuja, mwanangu. Huku mvua imekata barabara, na ndege haiwezi kutua. Ikitua tu, wa kwanza kupanda ni mimi."

Nikampelekea mama maneno hayo kama nilivyopewa, na kila jioni simu ya baba ilikuja na yale yale. Kila asubuhi alinigeuzia uso juu ya mto. "Ndege imetua?"

"Bado, mama."

"Mvua gani hiyo," akasema siku ya tano, na hakuuliza tena. Siku ya sita, adhuhuri, akaniponyoka mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Baba alifika siku mbili baadaye, tukamzika mama Magarini. Alilia mpaka wanaume wawili wakamshika. Sikumlaumu. Ningemlaumuje mtu kwa mvua ya Mungu? Akarudi jangwani, sisi tukalelewa na shangazi. Alipostaafu akapigwa na kiharusi, niliacha kazi Mombasa nikaja kumlisha uji kwa kijiko, miaka mitatu. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini ulisema. Aliweza kuomba chumvi. Aliweza kuuliza matokeo ya mpira.

Siku ya mazishi, watu walikuwa wakila chini ya turubai kabla ya ibada. Mzee mmoja anayechechemea, mtu wa bara, aliniita nikae karibu naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti yake? Nilifanya kazi na baba yako. Nipo hai kwa sababu yake."

Akaniambia kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Msimu fulani wa mvua, mke wa mhandisi akiwa mgonjwa, kampuni ilileta ndege ndogo kumchukua baba aje nyumbani. Baba alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, begi mkononi, kisima kikaanza kutapika gesi. Akarusha begi chini, akarudi mbio. Aliwatoa watu wote, akabaki na wawili kukitia tope zito mpaka kikatulia.

"Shujaa, mwanangu! Angeondoka, tungekuwa majivu."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini polepole. "Kisima kilitulia lini?"

"Jioni ile ile, siku moja baada ya simu ya kwenu."

"Na ndege?"

"Ilirudi kesho yake na vipuri. Tukamwambia, haya sasa, nenda kwa mkeo. Wapi! Kichwa kigumu yule." Akacheka, macho yamejaa machozi ya mapenzi. "Alisema tumekaribia mno, gesi ile ni dalili, anataka ayaone mafuta kwa macho yake. Sisi tulidhani ni homa ndogo tu, maana hata yeye alisema hivyo."

"Mkayaona?"

"Hata tone. Maji ya chumvi."

Nilihesabu siku pale pale. Ile ndege ya pili ilitua mama akiwa bado anauliza.

Walipoliita jina langu, nikaenda mbele nikasoma. Kaburi la baba lilichimbwa ubavuni mwa la mama, udongo mbichi umemwagikia saruji yake. Nilisoma mnara, nikasoma pikipiki, watu wakatabasamu. Nikafika kwenye sentensi ya shangazi. Alikuwa kiti cha mbele, leso mkononi, midomo yake ikinitangulia. Nikaisoma kama ilivyo: alikuwa mtu aliyejali familia yake. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo hadi leo linanichukiza.

Mdogo wangu nilimweleza baada ya matanga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo aliokoa watu," akasema.

"Ndege ya kwanza aliokoa watu. Na ya pili?"

"Dada, mtu ameshakufa."

"Mama naye alikufa. Alikufa akidhani ni mvua."

Yeye ameishika ndege ya kwanza, na simnyang'anyi. Ana watoto, anahitaji babu wa kuwasimulia. Mimi nimebaki na ya pili. Pengine ningeweza kumsamehe baba kupenda kisima kuliko sisi, maana mtu hajichagulii anachokipenda. Lakini nilimlisha miaka mitatu, kijiko kwa kijiko, uso kwa uso, naye akanitazama bila kusema neno. Aliniachia mimi, mtoto, niwe mdomo wa uongo wake kitandani kwa mama.

Shangazi ameuweka wasifu ule kwenye fremu, ukutani kwake. Nikienda kumsalimia, mimi hukaa kwenye kiti kinachoupa mgongo.