Mama Alipowasalimu Majirani

Shamba letu la chai lilikuwa hapa hapa, palipo sasa na nyumba zinazofanana, lami na lango la chuma. Tuliwaachia wajenzi, tukapewa nyumba moja. Vigae vya sakafu niliviweka mwenyewe, kazi niliyojifunza kwa video za simu. Kimoja mlangoni kimepinda kidogo na hakuna anayekiona ila mimi, lakini kinaninyima usingizi. Nilitaka kila kitu kiwe sawa ili mama asitamani kuondoka.

Zamani, kila asubuhi kabla hajawasha moto, mama alisimama ukingoni mwa chai akawaita majirani wa ng'ambo ya bonde kwa salamu yetu ya asubuhi: "Bwakire buya!" Nao wakaitikia kutoka migombani, wakimtania kwamba jogoo wake amestaafu. Kwa sauti hizo tulijua nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa. Mimi nilizisikia kitandani, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Siku chache baada ya kuhamia, mama alitoka barazani akaita vilevile. Mbwa wakabweka. Mlinzi akaja mbio na rungu.

"Mama, ni wezi?"

"Wezi gani? Nasalimu watu."

"Watu wamelala, mama."

"Basi wakiamka waambie nimewasalimu. Si wewe ndiye mwenye lango?"

Mlinzi alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimekufa kwa aibu. Mama alipoingia ndani nikamwambia, "Mama, huku watu hawaitani."

"Sasa wanajuaje nani ameamka?"

Hakuita tena. Alianza kuamka jua likiwa juu, yeye ambaye sikuwahi kumkuta kitandani, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake. Kisha asubuhi moja nikamkuta amebeba kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Alikuwa anaenda kwa mdogo wake kule Gesima, kumsaidia kuchuma.

"Mpaka lini, mama?"

"Majani ndiyo yatasema, mwanangu."

Hajarudi. Siku hizi naamka mapema, nasimama barazani. Naipanga ile salamu moyoni, nahofia itatoka nyembamba, nahofia watacheka. Jana niliita. Sauti ilikatika katikati, hakuna aliyeitikia.

Nikampigia mama. Nyuma yake, kwenye chai ya Gesima, watu walikuwa wakiitana. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia sina, asikate tu, aendelee kuchuma.