Jina Moja kwa Kila Jozi ya Macho

Lemuel Gaskins ndiye mzee pekee wa rika lake hapa Philadelphia aliyepata kukiri kwamba hakuwepo Hershey. Wengine wote walikuwepo. Mwezi Machi mwaka 1962 Wilt Chamberlain alifunga pointi mia moja katika mechi moja ya mpira wa kikapu, kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha chokoleti, mbele ya watazamaji elfu nne na ushee, na katika miaka niliyokaa nyuma ya mashine ya kushonea viatu nadhani nimekutana na elfu sita kati yao. Wote walinusa chokoleti. Lemuel akiulizwa, alijibu kwamba siku ile alikuwa kitandani na mafua, mkewe amempaka dawa kifuani, na habari aliipata kesho yake kazini kutoka kwa abiria, naye hakuisadiki mpaka aliponunua gazeti.

Aliendesha tramu namba kumi kwa miaka thelathini na minne. Tramu ilipita mbele ya duka langu, Lancaster Avenue, na alipostaafu aliendelea kuangalia saa kila ilipopita na kutuambia imechelewa kwa dakika ngapi. Nilikuwa fundi viatu. Nasema nilikuwa, kwa sababu watu hawatengenezi tena viatu. Wanavaa kitu kilichogundishwa kwa gundi, kikiachama wanakitupa na kununua kingine kama hicho. Lakini hayo ni majonzi yangu, na hapa namsimulia Lemuel.

Nilifungua duka mwaka 1976, nimetoka South Carolina na sindano tatu, nyundo moja na kamusi. Nyuma ya duka kulikuwa na meza, na Jumamosi asubuhi meza hiyo ilikuwa na wanaume wanaobishana ni nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu tangu ulimwengu uumbwe. Mwanzoni hakukuwa na kanuni. Kanuni aliileta Lemuel, siku muuza bima mmoja alipomtetea mchezaji ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye televisheni.

"Huyo mtu wako ana urefu gani?" Lemuel alimwuliza.

"Mrefu tu, bwana."

"Kwenye televisheni yako. Urefu gani?"

Muuza bima akafikiri, akapima hewa kwa vidole viwili.

"Basi unamtetea mtu wa inchi tano," alisema Lemuel. "Mpeleke akacheze na panya."

Tangu siku hiyo mtu alikuwa na haki ya kumtaja mchezaji aliyemwona kwa macho yake, akiwa naye chini ya paa moja. Baadaye, mabishano yalipotaka kuvunja meza, Lemuel akaongeza kanuni ya pili: kila mtu jina moja. Mchezaji wako unamshika wewe, unamjibia wewe, na siku ukifa anafutwa. Nilitundika ubao ukutani. Majina yalikuwa yakipanda na kushuka kila Jumamosi, na chini ya ubao, kwenye msumari, kilining'inia kitambaa nilichokuwa nikipakia rangi nyeusi ya viatu. Hicho ndicho tulichofutia.

Lemuel alimshika Wilt. Mimi nilimshika Julius Erving, kwa kuwa nilifika mjini mwaka uleule aliofika yeye. Carlton Bivens, mpeleka barua, alimshika Michael Jordan, ambaye alimwona mara moja tu mwaka 1988, akiwa ameketi nyuma ya mtu mwenye kofia. Jambo la kofia lilijadiliwa Jumamosi tatu. Ikaamuliwa kwamba Jordan anakubalika, lakini hawezi kupanda zaidi ya nafasi ya tatu mpaka ijulikane kofia ilificha nini. Najua dunia nzima inamweka wa kwanza. Dunia nzima haikuketi nyuma ya ile kofia.

Na Bill Russell alishikwa na Ambrose Tutt, mchoma vyuma wa bandari ya meli za kivita, rafiki mkubwa wa Lemuel. Wilt na Russell ndio waliokuwa roho ya meza ile. Miaka thelathini na zaidi Lemuel alisema pointi, Ambrose akasema ubingwa mara kumi na moja. Hawakuchoka, na sikumbuki hata mara moja mmoja akisema neno jipya.

Ambrose alifariki mwaka 2009. Tulimzika Alhamisi. Jumamosi Lemuel aliingia na suti ileile ya mazishi, akachukua kitambaa msumarini, akamfuta Russell. Ubingwa mara kumi na moja ukaondoka kwa mikupuo minne ya mkono. Kisha akaketi, akaangalia saa, akasema tramu imechelewa kwa dakika sita.

Wiki iliyofuata alikuja Verdell, binti wa Ambrose, mwalimu, mtu mwenye heshima zake.

"Baba alikuwa akisema kuna jina lake ukutani," alisema. "Naomba nimshikie."

"Ulizaliwa lini, mwanangu?" Lemuel alimwuliza.

"Sabini."

"Russell aliacha kucheza sitini na tisa."

Verdell alimtazama kwa muda, kama anayesubiri aseme kwamba anatania. Kisha akaaga, akaondoka. Kanuni ni kanuni. Nilifikiri hivyo wakati ule, na nikashona kisigino kimoja upande usio wake.

Baada ya hapo Wilt alikaa juu ya ubao bila mpinzani. Lemuel alisema pointi mia moja, na hakuna aliyemjibu ubingwa mara kumi na moja. Alikuwa akimaliza hoja yake, anangoja kidogo, anageuza shingo kuelekea kiti kitupu. Tuliona wote.

Oktoba mwaka 2018 Lemuel alikuja dukani akatuambia kwamba figo zake zimekwisha, na daktari anasema akifika majira ya kuchipua amshukuru Mungu. Aliyasema hayo kama anavyotangaza kituo kinachofuata. Kisha akaeleza shida yenyewe.

"Nikienda, Wilt anafutwa."

"Ah, bwana," alisema Bivens, "tumwache tu pale. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe utakuwa umekufa, mzee!"

"Ndiyo maana nauliza nikiwa hai. Namtaka mtu aliyemwona. Mtu asiye na jina. Akae kiti changu, amshike."

Nilimwambia kanuni ni yake, anaweza kuibadilisha. Alinitazama kama nimemshauri apitishe tramu kwenye taa nyekundu.

"Bila kanuni," alisema, "sisi ni wazee watatu wanaopiga kelele."

Akaanza kutafuta. Alitafuta kanisani, kwenye foleni ya duka la dawa, kwenye vile viti vya kliniki ambako walimsafisha damu mara tatu kwa wiki. Aliwauliza wazee wa umri wake: ulimwona Wilt? Wote walimwona. "Ulimwona wapi?" Hershey. "Kulikuwaje?" Kulinukia chokoleti. Aliwashukuru, akaenda zake. Wachache waliosema walimwona hapa mjini, kwenye ukumbi wa zamani wa Convention Hall, aliwauliza bomba la mvuke la kupasha ukumbi joto lilipita wapi. Hakuna aliyejua. Ukumbi wenyewe umebomolewa, na mahali pake wamejenga jengo la vioo la hospitali, kwa hiyo huwezi kumpeleka mtu akaonyeshe. Mji mzima ulijaa mashahidi, na hakukuwa na hata mmoja aliyeona kitu.

Kufikia Desemba alikuwa amepungua hata kola ya shati ikawa kama pete ya goli shingoni mwake. Jumamosi moja alikuwa ameketi mezani na Bivens, wakila mikate ya kusokotwa yenye haradali, yaani Bivens anakula na Lemuel anaishika, mlango ukalia na akaingia Odessa Tutt, mjane wa Ambrose. Alikuja kuchukua viatu vyake vya kanisani. Alikuwa akileta viatu kwangu kila baada ya miezi mitatu tangu nilipofungua duka, na mara zote aliishia kwenye kaunta. Siku ile nilikuwa bado napiga rangi, nikamwomba asubiri, na macho yake yakapanda ukutani.

"Kumbe Wilt bado mnamweka juu," alisema. "Hata baada ya ile Sikukuu ya Shukrani?"

Lemuel akaweka mkate mezani.

"Sikukuu ipi, shemeji?"

"Ya mwaka sitini. Boston walipokuja na Russell. Nilimwacha bata mzinga kwa mama yangu ndani ya tanuri, kwa sababu Ambrose hakuwa na subira."

"Ulikwenda naye?"

"Sasa unadhani nani alimshikia koti?"

Bivens aliacha kutafuna.

"Mlikaa wapi?" Lemuel aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Juu kabisa, tulikoweza kulipia. Karibu na lile bomba. Koti langu la kijani liliungua mkono, nikalishona mara mbili na bado lilionekana."

"Bomba la upande gani?"

"Kushoto ukiingia. Lilikuwa likilia kama birika. We Lemuel, mbona unaniuliza kama polisi?"

Lemuel alifumba macho. Mji mzima alikuwa ameupekua miezi miwili, na shahidi wake alikuwa akisimama futi kumi kutoka kwenye ubao, miaka arobaini na miwili, akisubiri viatu. Hatukumwuliza kwa sababu haikutujia akilini kwamba wanaume walikwenda kwenye mechi na wake zao. Na mimi nilikuwa na mke, marehemu sasa, na nilikwenda naye.

Lemuel akasimama, akavua kofia, na kwa namna aliyosimama nilijua mwili unamwuma.

"Shemeji, nina ombi. Mimi siku zangu ni chache."

"Nimesikia. Nakuombea kila Jumatano."

"Ahsante. Naomba unishikie Wilt."

Akamweleza kanuni zote mbili. Odessa alisikiliza mkoba ukiwa mbele yake, mikono miwili juu ya mkoba.

"Jina moja," alisema.

"Moja tu."

"Na wa mume wangu mlimfuta."

"Nilimfuta mimi."

"Kwa nini?"

"Ambrose alikuwa amekufa, shemeji. Ndiyo kanuni."

"Nauliza mlimfuta kwa kitu gani."

Lemuel alinyoosha kidole. Odessa akakitazama kile kitambaa cheusi msumarini kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Ningejua ningekifua.

"Mlimwuliza binti yangu alizaliwa lini," alisema. "Alirudi nyumbani akalia kama mtoto, na ana shahada mbili. Nikasema moyoni, haya, ngoja watakuja kuniuliza mimi. Miaka tisa nimekuja hapa na viatu. Vingine havikuwa na shida yoyote."

Niliinamia kazi yangu. Ilikuwa kweli. Kuna visigino nilivyobandua vikiwa vizima.

"Russell," alisema Odessa.

"Shemeji..."

"Pole sana kwa figo, Lemuel. Kwa moyo wangu wote. Russell."

Bivens alifungua mdomo atie maneno ya upatanishi, kwamba labda safari hii moja mama aruhusiwe mawili. Lemuel alimnyamazisha kwa kiganja, vilevile alivyozoea kuwazuia watu wasipande tramu ikishaondoka. Akachukua chaki. Akaliandika yeye mwenyewe, RUSSELL, chini kabisa ya ubao, na hakusahau S hata moja.

"Mpya anaanzia chini," alisema. "Unataka awe wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

Lemuel akavuta kiti cha Ambrose, akakifuta vumbi kwa kofia yake, akamwekea. Kisha akaketi mwenyewe bila kushikwa, jambo ambalo hakuliweza tangu Novemba.

"Kwa sababu ya Sikukuu hiyohiyo unayoisema. Wilt alidaka mipira iliyokosa goli, ribaundi hamsini na tano. Hamsini na tano, shemeji! Juu ya kichwa cha huyo Russell wako!"

"Niliziona. Nani alishinda?"

Lemuel akatazama meza.

"Boston."

"Kwa pointi ngapi?"

"Tatu."

"Hamsini na tano," Odessa akamwambia Bivens, "halafu akaenda kulala ameshindwa. Na mimi nikakuta bata kawa mkaa."

"Hakuwa na timu!" Lemuel alipiga meza. "Mpe wale wa Boston uone!"

"Mpe! Kila siku ni mpe! Ambrose alisema utasema hivyo hata kaburini."

Jumamosi kumi na tatu walibishana. Odessa alikuja na mto wa kukalia. Lemuel aliletwa na gari la kliniki, akapandishwa kizingitini na Bivens, na akishaketi alikuwa akiuliza Russell alipata pointi ngapi kwa mechi, mama, sema usione haya. Russell alipanda mpaka wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2009 Lemuel alisahau kuangalia saa.

Alifariki mwezi Machi. Tulimzika Jumanne, na Jumamosi Odessa na Bivens walikuwa wameketi mezani mapema. Kitambaa nilikuwa nimekifua. Nilimfuta Wilt kwa mikupuo mitano, kwa sababu sina mkono wa Lemuel.

"Basi Russell ni wa kwanza," alisema Bivens. "Hongera, mama."

"Wa kwanza mbele ya nani?" alisema Odessa.

Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akautazama ubao.

"Pale juu kushoto," alisema. "Umeacha mguu wa herufi ya Wilt."

Niliangalia. Ulikuwepo, mstari mweupe wa chaki, mnene kama kidole.

"Mimi sioni kitu," nilisema, nikakitundika kitambaa.

Odessa akaivua miwani, akairudisha mkobani.

"Sasa huyo hapo juu," alisema, "akidaka hamsini na tano, nani alishinda?"