Samaki wa Kurudisha

Jumamosi niliingia duka la vifaa vya uvuvi kununua mshipi tu. Mshipi, basi, kisha nirudi nyumbani nikapike. Lakini wewe unanijua, rafiki yangu: mimi kutulia mahali sikujaliwa. Nikashika fimbo hii nikaitikisa, nikashika ile, nikafungua visanduku vya chambo bandia ambavyo nyumbani ninavyo tele. Muuzaji, kijana mchangamfu, alipoona nahangaika akaniita nione mashine mpya ya boti, ile ya kuonea samaki chini ya maji. Kioo chake kipana kama televisheni. Akaiwasha kwa mfano tu, maana humo dukani maji yako kwenye birika peke yake. Chini pakatokea mwamba wa rangi ya chungwa, na kutoka juu kikashuka kistari kimoja, taratibu, kwa mshazari, mpaka kikazama mwambani. "That's a fish going down," akaniambia. Nikamwambia najua. Nikatoka bila mshipi, nikaingia garini, nikakaa bila kuwasha injini.

Kistari kama kile nilikiona mara ya kwanza nikiwa bado nang'oka meno ya utoto, kwenye kioo kidogo cha kijivu kilichokwaruzika, nimekaa kati ya jirani yetu Mwingereza na bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko.

Tulikuwa tunakaa Kingstanding, mtaa wa Birmingham, Uingereza, Koko, mama na mimi, kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyofanana na ya jirani, nayo ikafanana na ya jirani wa jirani, hata mama akafunga kipande cha kitenge kwenye mpini wa mlango ili tusije tukaingia kwa watu. Tulitoka Kongo, upande wa Fizi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Siku tuliyokimbia vita, mashua ilijaa watu kupita kiasi na mawimbi yakapanda. Baba akashuka majini akashika ukingo, ili mashua ipate kuwa nyepesi kidogo kwa wanawake na watoto. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, sikumbuki kitu. Tulipofika ng'ambo, Tanzania, mikono ya baba haikuwepo tena pale ukingoni. Hakuonekana, si siku ile wala baadaye.

Sasa nikwambie desturi ya kwetu, maana bila hiyo hadithi hii haina miguu. Maji yakichukua mtu na yasimrudishe, nyumba ile haili samaki, wala haitaji jina la aliyepotea, mpaka mkubwa wa nyumba atoe samaki majini kwa mkono wake mwenyewe na amrudishe akiwa hai. Maji yaliyochukua yanapewa, na matanga yanavunjwa. Tena si maji yoyote, ni maji makubwa yenye mawimbi. Lakini sisi tulipelekwa kambini, bara, mahali ambapo maji tuliyaona kwenye bomba tu, na kutoka kambini tukaletwa Birmingham, mji ambao bahari iko mbali nao kila upande utakaogeukia. Matanga ya baba yakawa yanatufuata kama mzigo usio na wa kuupokea. Nilikuwa sijui jina la baba yangu. Mwalimu aliniuliza shuleni nikasema "Papa", darasa likacheka.

Ajabu ni kwamba watu wa ziwani tukawa watu wa maharage. Mama alipika sombe, yaani kisamvu, bila ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Koko aliikoroga sahanini kama anayetafuta kitu alichodondosha. Nesi mmoja wa Kikenya, tuliyesali naye, alituletea siku moja sinia la samaki wa kukaanga, amewapaka pilipili na ndimu, harufu ikapanda hadi chumbani. Koko akamrudishia sinia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Yule nesi akashika kiuno. "Ai! Kwani samaki yangu imefanya nini? Ama mko na allergy?" Mama alieleza akaeleza, na mimi nilisimama kwenye ngazi nikimeza mate. Nilitaka wale samaki, nikwambie ukweli, kuliko nilivyotaka kujua jina lolote.

Na kama kwa kututania, jirani yetu alikuwa na mashua. Iliegeshwa mbele ya nyumba yake, kwenye kigari chake cha kuvutwa, nyasi zimeota kuzunguka magurudumu. Jirani alikuwa mzee mjane, mstaafu wa kiwanda, anayemwita kila mtu "bab", yaani mpendwa, kama wazee wa Birmingham wanavyofanya, mkubwa kwa mdogo. Jumapili aliipangusa, akaunganisha nyaya za mashine yake ya kuonea samaki, akazijaribu, akazifunga. Koko akipita aligeuza uso upande wa pili wa barabara. "Mashua kwenye majani," alisema, "haileti habari nzuri." Mimi nilikuwa ndani yake kila nilipopata upenyo, na jirani hakunifukuza hata mara moja.

Yeye ndiye aliyenifundisha uvuvi wa watu wasiotulia. Wapo wavuvi wa kukaa kitini chini ya mwavuli wakingoja, hao waache na subira yao. Sisi tulitembea kando ya mfereji, tunarusha chambo bandia, tunakunja mshipi, tunasogea hatua, tunarusha tena. Miguu yangu ilikuwa imepata kazi hatimaye. Maji yakiwa machafu alinifungia chambo cha rangi kali, yakiwa safi alichagua kinachofanana na samaki mdogo wa kweli. Samaki wakishuka chini aliongeza uzito. Nilipomweleza Koko haya nyumbani akacheka kidogo, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kesho yake akavaa kitenge chake kizuri na koti, akasema anakuja kuona.

Siku hiyo wavuvi walikuwa wamejipanga kando ya mfereji. Mmoja akavuta samaki, akamtoa ndoano polepole kwa vidole vilivyolowa, akamshika kwa mikono miwili, akamrudisha majini. Koko akasimama. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu naye, tena huyu alimbusu samaki kwanza. Nilimwona Koko ameweka kiganja mdomoni, machozi yanamtoka. "Masikini," akasema. "Kumbe bazungu bote hawa, maji iliwachukulia watu!" Na kabla sijamshika mkono akamwendea yule aliyebusu samaki, jamaa mnene mwenye kofia ya sufu, akamshika bega. "Pole, papa. Pole sana. Mungu atakusaidia."

Yule mtu akatazama huku na huku, akasema asante. Jirani akaniuliza bibi yako analia nini. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha mtoto, la baba na mashua na samaki, kwa mkupuo mmoja, huku narukaruka kwa mguu mmoja kama kawaida yangu. Mimi mwenyewe niliamini aliyosema Koko. Nilidhani Birmingham nzima imefiwa. Jirani hakucheka. Alikunja mshipi wake wote kabla ya kujibu, akasema hapa samaki wa mfereji hurudishwa kwa sababu huvuliwa kwa mchezo tu. Kisha akaniambia nimuulize Koko: huyo samaki wa mawimbi, anafaa akiwa wa aina gani?

Basi tukaanza maandalizi, na sijaona tena majuma marefu kama yale. Samaki aliyemchagua jirani alikuwa wa bahari, aitwaye bass, wa pwani ya Wales, mwenye magamba ya fedha na miiba mgongoni. Kwenye kibanda chake cha nyuma jirani alimpa Koko fimbo moja baada ya nyingine, naye akazipima kama anachagua mwiko sokoni, anakunja ncha, anasikiliza mkononi, anarudisha. Nzito ilimchosha, laini mno aliita ya watoto. Alipoipata yake hakuiachia tena. Mwisho jirani akachukua koleo akabana vijino vya ndoano, kimoja kimoja, ili samaki atoke bila kuumia. Akaonya kwamba ndoano isiyo na kijino humpoteza samaki upesi. Koko akasema afadhali kumpoteza kuliko kumrudisha mfu. Aliyekataa kupanda ni mama. Alitusindikiza hadi Wales katika gari la jirani lililovuta mashua, lakini mashua ilipoguswa na maji akarudi nyuma, akasimama ufukweni na chupa ya chai kifuani, akakataa hata kutupungia.

Koko alipanda. Alivaa jaketi la kuokolea juu ya kitenge, akashika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja, na ila alipokuwa akirusha na kukunja mshipi hakuuachia. Mimi nilikwenda mbele nikarudi nyuma, nikagusa kila kitu, mpaka jirani akanikalisha mbele ya kioo cha mashine na kunipa kazi ya kutangaza. Nikawa natangaza. Mchanga. Mchanga. Mawe. Mwamba! Samaki! Vistari vyao vilionekana kama kucha zilizokatwa, juu kidogo ya mwamba. Koko akainama akatazama, akashangaa, akasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Akauliza, "Ile mashine inaonaka mpaka chini kabisa?" Nikamwambia ndiyo, Koko, mpaka chini kabisa. Akazidi kuinama kwenye kioo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ingeliona mutoto wangu?"

Jirani akaniuliza amesema nini. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mguu wangu ukaacha kutikisika.

Samaki wa kwanza alimponyoka. Wa pili naye akaponyoka, karibu kabisa, tukaona ubavu wake ukimetameta. Upepo ukaanza kugeuka na jirani akatazama pwani, akatazama mawingu, nikajua anatafuta namna ya kutuambia turudi. Mimi nilishaanza kulia kwa hasira. Koko akarusha tena, akakiacha chambo kizame mpaka mwambani, akakunja mshipi, na fimbo ikapinda hadi mshikioni. Alikaza miguu kama anayevuta ndoo kisimani, na jirani hakumsaidia, maana ilitakiwa mkono wake. Tulipomwona samaki alikuwa mkubwa, mweupe, mdomo wazi. Ndoano ikatoka kwa kuguswa tu. Koko akamshusha majini kwa mkono mmoja, wa pili umerudi ukingoni. Samaki akalala ubavu.

Siwezi kukueleza hofu niliyoiona usoni mwa bibi yangu. Samaki akifa mikononi, alijua yeye na nilijua mimi, maji yatakuwa yamechukua mara mbili. Jirani akapiga magoti, akamwonyesha namna ya kumshika, kichwa kikielekea kule mkondo unakotoka, maji yapite matamvuani. Ndipo Koko akaachia ukingo wa mashua. Akazamisha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akamshika samaki yule, akamwambia maneno kwa Kibembe, lugha ya kwetu, ambayo sikuyaelewa wala sikuyauliza baadaye. Matamvua yakafunguka, yakafunga. Mkia ukapiga mara moja, kwa nguvu, na mikono ya Koko ikabaki tupu.

"Look," jirani akasema, "bab, look at the screen." Kwenye kioo cha kijivu kistari kilikuwa kinashuka. Kilianzia chini yetu kabisa, kikateremka kwa mshazari, bila haraka, kikaufikia mwamba, kikachanganyika nao. Koko alikifuata kwa kidole kilicholowa hadi mwisho. "Amefika," akasema. Halafu akainua kichwa, akaelekea ufukweni alikosimama mama, akaita jina la baba yangu. Aliliita kwa sauti ya mwanamke anayemwita mtoto aje kula. Sauti ya mtu husafiri mbali juu ya maji. Chupa ya chai ilimponyoka mama, na tuliporudi tulimkuta maji yamemfika kiunoni.

Jioni ile tulikula samaki na chipsi za dukani, kwenye benchi linaloelekea bahari, mama, Koko, jirani na mimi, vidole vimejaa mafuta. Koko alilalamika kwamba samaki hana kichwa. Alilalamika mpaka Birmingham.

Jirani ameshafariki. Mashua iliondoka na mtu mwingine kabisa, na walionunua ile nyumba wameweka saruji pale palipokuwa na nyasi. Koko tulimzika hapahapa, nchi kavu, na sahani za samaki zilizunguka matangani mpaka watu wakakataa. Yule nesi wa Kikenya ndiye aliyewakaanga. Sijui kwa nini bado natangatanga na fimbo, nabadilisha rili ya kukunjia mshipi, nabadilisha chambo, kila kiangazi niko barabara ya kwenda Wales kama nimeitwa. Vifaa vimekuwa vizuri mno siku hizi, rafiki yangu. Kioo kile cha dukani kinaonyesha kila jiwe kwa rangi yake, lakini hakina mtu aliyekigusa kwa kidole kilicholowa, na nilikichukia kwa hilo.

Nilifika nyumbani bila mshipi, nikapika samaki, na kichwa chake. Mwanangu alikuwa chumbani juu na michezo yake. Kiswahili anakielewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Nikasimama chini ya ngazi nikamwita kwa jina lake, lile la babu yake. "Coming, Mum!" akajibu. Nilikuwa nimemsikia. Nikamwita tena.